Mkanda wa Kukaliwa

Mtaa mzima ulimwita Bingwa, naye aliitika bila haya. Gari lililowashinda mafundi wengine likifika kwake lilitoka limepona. Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Gari lake mwenyewe lilikuwa na kengele ya mkanda iliyolia miaka miwili, ti-ti-ti, kwa ajili ya kiti cha abiria, hata kama kiti chenyewe kilikuwa kitupu.

Mkewe, mshonaji, alimwomba aitengeneze. Bingwa akasema kesho. Kelele zilipomchosha, aliuchomeka mkanda kwenye kiti kitupu na kuzungushia kifungo chake utepe mweusi wa umeme, mtu asije akaufungua. Kengele ikanyamaza. Tangu siku hiyo mkewe alisafiri akiwa ameukalia mkanda, chuma kikimchoma nyongani.

"Wateja kwanza, mke wangu," Bingwa alikuwa akimtania. "Gari la nyumbani halikimbii."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Mshonaji ilimuumiza mkono. Lori lilisimama ghafla mbele yao, Bingwa akakanyaga breki. Yeye alikuwa amefunga mkanda wake, hakupata hata mkwaruzo. Mshonaji alitanguliza mkono wa kulia, na dashibodi ikaupokea. Kiwiko kilisalimika, kiganja hakikusalimika. Plasta ilipotolewa, vidole vilikataa kushika mkasi, na cherehani ikafunikwa shuka kama maiti. Taa ya gari iliyovunjika siku ile Bingwa aliibadilisha wiki hiyohiyo.

"Ajali haina kinga," wifi yake alimwambia alipokuja kumpa pole.

"Ilikuwa nayo, wifi. Nilikuwa nimeikalia."

Wifi hakuudhika. Alimsogelea akasema, "Kaka yangu namjua. Ingekuwa kazi rahisi angeifanya siku ya kwanza. Ule ubovu ulimshinda, ila anaona aibu kusema."

Maneno hayo mshonaji aliyashika kwa mkono wake uliobaki. Mume aliyeshindwa angeweza kumsamehe. Mume aliyepuuza, hapana. Huyo asingejua hata aanzie wapi kumsamehe. Kwa hiyo alingoja kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa akilala naye.

Asubuhi moja walitakiwa kwenda kumwona mjukuu wao aliyezaliwa juzi. Mshonaji alisema hapandi gari mpaka mkanda uvalike. Bingwa aliguna, akachukua boksi la vifaa, akaenda uani. Mkewe akammiminia chai, akaiweka kwenye kigoda karibu na gari, kisha akaketi kizingitini na mkono wake mbovu mapajani.

Bingwa alikata utepe, akaufungua mkanda. Akalegeza bolti, akakiinamisha kiti, akaingiza mkono chini ya sponji. Mshonaji alikuwa akiomba. Aliomba ubovu uwe mkubwa, nyaya ziwe zimeungua zote. Aliomba amwone mumewe akitoka jasho, akitukana, akikata tamaa, amwite fundi mwingine. Hakuwa amewahi kumwombea mumewe mabaya kwa mapenzi kiasi kile.

Bingwa akacheka humohumo ndani ya gari.

"Hebu tazama!" Alitoka ameinua spana namba kumi, imejaa vumbi. "Si nilikwambia imeibwa? Nimemnunia jirani bure miaka yote hii. Kumbe ilijipenyeza chini ya sponji, ikawa inakibana kile kidude kinachohisi mtu. Gari likadhani kuna abiria. Nimeitoa tu, basi, kimya."

Aliwasha gari ili mkewe asikie mwenyewe. Kweli, kimya. Alirudi akijifuta mikono, uso umemng'aa, akachukua kikombe na kukipeleka mdomoni. Akakiondoa haraka.

"Mbona ya moto hivi?"

"Haijapata muda wa kupoa," mkewe akasema.

Bingwa alikitazama kikombe. Akaitazama spana. Halafu, polepole, macho yake yalishuka mpaka kwenye mkono uliokuwa mapajani mwa mkewe, vidole vimejikunja, na kicheko kikafutika usoni mwake. Alikaa chini, mlemle vumbini, mbele ya kizingiti.

"Sikujua kwamba ni kitu kidogo hivi," alisema.

"Hukutazama."

"Sikutazama." Alikiweka kikombe chini. "Nisamehe, mke wangu."

Mshonaji alisimama. Alijifunga kitenge kwa mkono wa kushoto na kusaidia kwa meno, kama alivyokuwa amejifunza. Mjukuu angemwendea kwa basi.

"Kesho," akamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye wateja wengi, akampita akatoka nje.