Raundi ya Kumi na Moja, Saa Nne Asubuhi

Jumatatu, saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, dada mtu alikiondoa kikombe cha chai mbele ya mdogo wake, Kisiki, akaondoa na sahani ya mkate, akaivuta meza ukutani. Saa nne kamili ngumi ya kwanza ilimpata Kisiki shavu la kushoto. Kichwa kiliruka upande, makombo yakamtoka mdomoni, na jirani aliyefuata gauni lake akasogeza kiti asikae njiani.

"Hiyo raundi ya ngapi?" jirani aliuliza.

"Ya tisa," dada alijibu, pini midomoni. "Pindo nimelishusha vidole viwili. Kalijaribu chumbani."

Ngumi zenyewe hazikuwa za leo. Kisiki, bondia wa uzito wa juu, alizipokea miaka kumi na minne nyuma, alipogombania ubingwa na jamaa aliyeitwa Mpasua Mawe, maana kabla ya kuvaa glavu alikuwa akivunja kokoto kwa nyundo. Siku ile Kisiki hakusikia maumivu hata chembe, na watu wakamsifu kweli kweli. Kumbe maumivu yalikuwa njiani. Mwaka huu, alipofikisha miaka arobaini na mmoja, yakaanza kufika: raundi moja kwa siku, saa nne, dakika tatu. Kwa kutunza muda yaliishinda ofisi yoyote ya serikali.

Dada, fundi cherehani, alikuwa ameitazama video ya pambano lile mpaka akaijua kama kanyagio la mashine yake. Alijua Jumatano inaleta nini. Raundi ya kumi na moja, Mpasua Mawe alimpiga Kisiki kwa mkono wa kulia chini ya sikio. Kisiki akazimika akiwa wima, kwapa lake limenasa kwenye kamba ya juu ya ulingo, akaning'inia pale kama koti kwenye msumari hadi kengele ilipolia. Hakuna aliyeandika habari za kamba. Waliandika kwamba hakuanguka.

Na Jumatano hiyo hiyo, saa tatu na nusu, chama cha ngumi kilikuwa na kikao cha Kamati ya Tathmini. Kamati ilitaka kusema Kisiki anaacha nini katika mchezo, kabla hajapanda ulingoni Jumamosi kwa mara ya mwisho, apigane na kijana wa miaka ishirini na minne. Dada angeweza kuwaambia anaacha nini bila kikao. Anaacha bomba la maji wazi. Anaacha viatu mlangoni kwa watu, kwa sababu ameingia nyumba isiyo yake. Siku nyingine humwita dada yake mama, na mama yao walimzika zamani.

Miaka mitatu dada aliomba mdogo wake apigwe picha ya kichwa hospitalini. Kila mara daktari wa chama alimwambia Kisiki asimame kwa mguu mmoja na ataje jina lake. Kisiki alisimama, akataja. "Mzima," daktari aliandika.

Lakini kanuni za chama zilikuwa na kifungu kimoja: bondia akianguka mbele ya mwamuzi, akahesabiwa mpaka kumi, hapigani siku tisini, na ni lazima apelekwe kupigwa picha ya kichwa. Dada hakutaka kingine. Alitaka mdogo wake aanguke mbele ya mashahidi.

Jumatano alimvalisha shati lililopigwa pasi, akamshika mkono mpaka ofisini. Mezani walikaa katibu, daktari, na mwamuzi, yule yule aliyelichezesha pambano la Mpasua Mawe. Karani alikaa pembeni na kalamu. Dada akamsimamisha Kisiki katikati ya chumba, mbali na ukuta na mbali na viti.

"Mpe kiti basi, dada," katibu alisema.

"Atasimama."

"Ndiyo sifa yake hiyo," katibu alisema, na karani akaandika.

Wakajadili. Daktari alimpa nafasi ya pili katika mabondia wote wa uzito wa juu waliowahi kupita.

"Wa kwanza nani?" katibu aliuliza.

"Bingwa mmoja wa zamani, marehemu. Marehemu hawapigwi tena."

Saa nne ilipogonga, Kisiki alijikunja. "Tumbo, mara mbili," dada alisema. "Sasa kidevu." Katibu akaisogeza chupa ya wino. "Sasa shikeni vikombe."

Ngumi ya sikio ilitua. Kisiki alitafuta kamba kwa mkono, hakuikuta, akaenda chini mzima mzima, na vioo vya madirisha vikatetema. Mwamuzi alikuwa keshainuka, kidole hewani, kwa mazoea ya kazi. Moja. Mbili. Alihesabu vizuri, bila haraka, mpaka kumi.

"Siku tisini," dada alisema. "Na picha ya kichwa."

Katibu alivua miwani. "Nani kampiga?"

"Mpasua Mawe. Nyote mlikuwapo."

"Mpasua Mawe alifariki mwaka juzi. Leseni yake imefutwa. Ngumi ya mtu asiye na leseni chama hakiitambui."

"Lakini kaanguka! Mwamuzi, sema. Umehesabu mwenyewe."

Mwamuzi alimtazama katibu. Akakitazama kidole chake. "Ameteleza," alisema. "Sakafu hii wanaipaka nta sana."

"Macho yako yamekufa tangu usiku ule," dada alimwambia. "Kama si kamba, mngemzika."

"Dada, ustaarabu tafadhali," katibu alisema. "Hapa tunamheshimu ndugu yako." Akasoma kwa sauti tathmini ya kamati: kwamba katika maisha yake yote ya ngumi, Kisiki hajawahi kuanguka.

Daktari aliinama juu ya meza, akachungulia chini. "Jina lako nani?"

"Kisiki," Kisiki alisema, shavu sakafuni.

Daktari akaandika mzima, akasaini ruhusa ya Jumamosi.

Ukabaki mhuri. Mhuri hukaa droo ya chini ya kabati, na mbele ya droo ulilala mguu wa kulia wa Kisiki.

"Samahani, dada," karani alisema. "Mguu."

Dada hakusogea. Alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha mdogo wake mapajani. Basi karani akachuchumaa, akauinua mguu mwenyewe, akafungua droo, akatoa mhuri. Aliugonga mara mbili, kwenye tathmini na kwenye ruhusa. Kisha akaurudisha, akaifunga droo, na kuulaza mguu taratibu pale pale alipoukuta.