Somo la Take

Mume wangu Hiribae alizama mtoni karibu na Kau. Mafuriko yalipindua mtumbwi wake, na mwili haukuonekana. Ukoo wake kule Kulesa ukaamua kuzika mgomba badala yake, ukatwe kwa kimo chake na kuvishwa sanda. Ila kwao mgomba haukatwi mpaka mjane mwenyewe atamke kwamba mumewe amekufa. Mjane ni mimi, na sikutamka. Niliwaacha wanawake kwenye mikeka ya matanga, nikarudi Garsen kuwafundisha Kiingereza Wachina wa kambi ya barabara. Waseme watakavyo. Sikuhisi kitu, hata njaa.

Siku hiyo tulikuwa na neno take. Kiingereza ni lugha ya wavivu. Neno moja wamelitwisha mizigo ya kijiji kizima. Picha ni take, dawa ni take, basi ni take, hata kuoga.

Bwana Liu, msimamizi wa kambi, alikuna kichwa. "Mwalimu, hii neno moja, kazi mingi sana. Sisi picha napiga. Dawa nakula. Basi nakaa."

"Sisi pia picha tunapiga," nikamwambia. "Dawa tunameza. Basi tunapanda."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nikiwatazama meno tu.

Walitaka mifano zaidi, nami nikaandika ubaoni kwa Kiingereza, bila kufikiri, mkono ukienda wenyewe. Mwalimu alichukua chaki. Mtoto alichukua embe. Kisha nikaandika kwamba mto ulimchukua mume wangu.

Wakanakili. Bwana Liu alikuwa wa kwanza kuweka kalamu chini.

"Mwalimu, hii mfano tu? Ama kweli?"

"Kweli."

"Atarudi?"

"Hapana," nikasema. "Amekufa."

Nilisikia sauti yangu kana kwamba inatoka chumba cha pili. Neno ambalo watu wazima walikuwa wamelala chini wakilingoja, nimelitoa kambini, kwa watu wasiomjua Hiribae wala jina la baba yake. Nikaona aibu. Ndiyo hisia ya kwanza niliyoipata tangu waje kuniambia, na ilikuwa aibu.

Sikungoja somo liishe. Nilimpigia mama mkwe papo hapo, nimesimama mbele ya ubao, maana niliogopa kwamba nikitoka nje nitabadili nia.

"Mama, ni mimi Teresia. Hiribae amekufa. Kateni mgomba."

Nikasikia kuku wake, na mtu akitwanga. Nilijua nilistahili maneno makali: mjane gani huyu anayeacha matanga akafuata Wachina? Nikajikaza kuyapokea.

"Haya, mwanangu," akasema, sauti imemkauka. "Lakini umekula?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kilichotoka kilikuwa kilio, na Wachina wote wakasimama.