Maharage Yasiyofika kwenye Karatasi Ile

Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, mjini Rosario, Griselda Ocampo alimwaga maharage mezani. Yalikuwa yale yale wanayohesabia pointi za karata, matano kwa kila mtu. Katikati yeye na mwenzake walipanga karatasi ndogo ndogo, kila moja na kasoro ya programu yao au kitu cha kuiongezea. Ukiona kazi fulani inafaa kufanywa kwanza, unaiwekea maharage. Ndivyo walivyokata shauri miaka yote, na hakuna aliyewahi kununa.

Programu yenyewe waliiita Camalote, kama lile gugu linaloelea mtoni kwao. Ni daftari la chanjo za watoto. Haina mwenyewe wala haiuzwi; zahanati yoyote huichukua bure, na fundi yeyote aweza kuifungua tumbo akaitengeneza. Griselda ndiye aliyeizaa, na ndiye mlezi wake.

Fabricio, fundi mwenzake, alirundika maharage yake yote mahali pamoja. "Ramani ya rangi! Watu wanataka kuona mtaa upi umechanjwa."

"Watu gani, Fabri? Wewe na mama yako?"

"Mama hata rimoti ya televisheni inamshinda. Weka maharage, dada, acha maneno."

Griselda alicheka, akaongeza mawili. Karatasi zenye neno "ndogo" kwa wino mwekundu zilibaki pembeni, hazina hata punje. Wino ule mwekundu ulikuwa wake.

Mlango ukagongwa. Akaingia Bi Mirta Bazán, nesi wa chanjo katika zahanati ya mtaa wa pili, na koti lake la kazi mwilini, daftari la shule amelikumbatia kifuani. Griselda na Fabricio wote wawili walishalia mikononi mwake alipowachanja utotoni.

"Grise, mwanangu, samahani kuwaingilia. Nimekuja unifundishe mashine."

"Kaa, Bi Mirta. Kunywa kwanza." Akampa kibuyu cha chai chungu.

Bi Mirta alikipokea, lakini hakunywa. "Jumatatu nimeitwa mbele ya wakubwa. Watoto arobaini na watatu hawamo kwenye Camalote. Dawa imetoka, majina hayapo. Wanasema ama nimeimwaga, ama nimedanganya. Miaka thelathini na moja, mwanangu, naondolewa kama mwizi! Na wote niliwaandika. Hawa hapa daftarini. Basi nadhani ni uzee. Kuna kitu nakosea na vidole hivi."

Griselda alimgeuzia kompyuta. "Mwandike mtoto mmoja wa uongo, nikuone."

"Ila hapa mtandao wenu unakimbia. Kwetu unatambaa."

"Basi naupunguza nao utambae."

Bi Mirta aliandika pole pole, herufi kwa herufi, bila kosa. Akabonyeza kitufe cha Hifadhi. Kimya. Akangoja, akashusha kidole tena, kama mtu anayerudia hodi.

Hapo ndipo skrini iliporuka. Neno "Imehifadhiwa" lilichomoza chini, likavisukuma vitufe juu, na Futa akaja kukaa pale pale alipokuwa Hifadhi. Kidole kikamwangukia Futa. Jina la mtoto likatoweka, bila swali, bila kwaheri. Likabaki lile neno la kijani peke yake: Imehifadhiwa.

Griselda alisogeza kiti karibu. "Rudia, Bi Mirta."

Akarudia. Mtoto wa pili naye akaenda.

"Si imesema imehifadhi?" Bi Mirta aliuliza. "Sasa nimekosea wapi?"

Fabricio aliinamia skrini. "Lakini... mtu si anabonyeza mara moja tu?"

"Sisi ndio tunabonyeza mara moja," Griselda alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Katika miaka yote ile, hapakuwa na mshika sindano hata mmoja aliyepewa maharage kwenye meza ile.

Akamwomba Bi Mirta aingie kwa neno lake la siri, kisha akafungua mahali ambapo programu huweka saa ya kila kilichofutwa. Wakasoma pamoja, daftari huku, skrini huku. Watoto arobaini na watatu. Kila mmoja alifutwa kabla sekunde tatu hazijapita tangu aandikwe. Kila mmoja!

"Zahanati ngapi zinaitumia?" Fabricio aliuliza.

"Mia mbili na kitu."

Fabricio akayakokota maharage yote ya mezani, ya kwake na ya Griselda, akayarundika juu ya karatasi moja ya pembeni.

"Ndiyo nini hiyo?" Bi Mirta akauliza.

"Ndiyo... kasoro yenyewe, Bi Mirta."

"Kumbe ilikuwapo? Ondoa maharage, nisome."

Bi Mirta akayasukuma mwenyewe kwa kiganja. Yalidondoka sakafuni, hakuna aliyeinama kuyaokota. Akasoma kwa sauti: "Vitufe vinahama ukishahifadhi. Inaudhi." Chini yake, kwa wekundu: "Ndogo. Isubiri." Na tarehe, ya Machi, miaka mitatu nyuma.

"Huu wekundu ni wa nani?"

"Wangu," Griselda alisema.

Bi Mirta alimtazama kama anayemtafuta yule mtoto aliyemchanja zamani. "Kuitengeneza ni kazi ya muda gani?"

Griselda alikuwa ameshaanza. Alivitenganisha vitufe, akavifungia kila kimoja mahali pake, akamfanya Futa aulize kwanza. Alijaribu mara tano, kisha akaituma kwa zahanati zote. Alipoinua macho, yaligongana na saa ya ukutani. Dakika kumi na mbili. Bi Mirta naye alikuwa akiitazama saa ile ile.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," Bi Mirta alisema, akakirudisha kibuyu kikiwa kimejaa. "Utakuja?"

"Nitakuja, Bi Mirta. Nitaandika barua nzuri, nieleze kila kitu, niweke na zile saa za kufutwa—"

"Lete saa. Barua iache." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Lete hiyo. Hiyo hiyo, yenye mwandiko wako."

Griselda aliipangusa vumbi la maharage, akaitia kwenye mkoba bila kuikunja.