Moyo Uliozunguka Msituni

Kosa alilifanya Marcelina mwenyewe, tena kwa mapenzi. Daktari Nasor alimpa neno moja tu la kumpelekea mumewe: asibebe kitu.

"Damu ya mzee inasema moyo umeumia, mama," daktari alimweleza pale Tabora mjini, mkononi ana karatasi iliyorudi kwa treni kutoka maabara ya Mwanza. "Nyama ya moyo ikifa hata kidogo, vitu vyake humwagika kwenye damu. Ndivyo tulivyopima, na vimepanda mno."

"Mbona basi hajafa, daktari?"

"Nadhani mshipa mkubwa umeziba polepole, miaka na miaka. Mishipa midogo ya pembeni ikapata muda wa kutanuka, damu ikawa inazungukia huko. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini ni vijia tu, havihimili mzigo. Baada ya wiki mbili mlete tupime tena."

Marcelina alirudi kwao, huko nyuma ya stesheni ya Igalula, akafikisha lile neno kama alivyopewa. Asibebe kitu! Umwambie nani, Damas, ambaye babu yake alikuwa pagazi, na baba yake alijisifia sugu ya begani kuliko ng'ombe zake? Tangu siku hiyo mumewe alikaa mlangoni asubuhi hadi jioni, chakula hakimpiti kooni.

"Mama Apolinaria," alisema siku moja, "kumbe sasa mimi ni mtu wa kufukuza kuku."

Huruma ilimshika Marcelina, na huruma haina breki. "Daktari kasema moyo wako umemfuata babu yako," alimwambia. "Vita vilipofunga njia kuu, si alizunguka msituni na pembe yake ya ndovu begani hadi Bagamoyo? Basi na moyo wako umefungiwa njia, nao umezunguka."

Damas alicheka, mara ya kwanza mwezi mzima. "Na babu hakuushusha mzigo njiani," alisema. Akaomba ugali. Marcelina alifurahi kumwona anakula. Mdomo huponza kichwa, lakini wa Marcelina uliponza kichwa cha mwenziwe.

Damu ya pili ilichukuliwa Jumatatu. Alhamisi lori likaja. Mwaka huo wa sabini na nne kila mtu alikuwa anahamishiwa kijiji cha ujamaa, na zamu yao ilikuwa imefika. Masolwa, balozi wao wa nyumba kumi, alikuwa ameonyesha cheti cha daktari na kumpatia Damas nafasi mbele, kando ya dereva. Damas akampa nafasi hiyo mama aliyejifungua juzi. Lori likaondoka limefurika, mgambo wakaanza kuezua nyasi za mapaa, na uani likabaki jiwe la kusagia.

"Tuliache, Baba Apolinaria. Mawe yamejaa nchi nzima hii."

"Hili alisagia mama yangu." Tayari lilikuwa begani.

Marcelina alitua furushi lake, akamshika mkono. "Nilitia chumvi! Daktari hakumtaja babu yako, wala hamjui. Alisema vijia, alisema havihimili. Maneno mengine nilitunga mimi, ule tu!"

Damas aliuondoa mkono wake taratibu. "Chumvi yako tamu," alisema, akashika njia. Masolwa alijaribu kumpokea. Damas alihamishia jiwe bega la pili, wala hakugeuka.

Zilikuwa maili nne kwa miguu hadi kijiji kipya. Marcelina alimfuata nyuma, furushi kichwani, macho kwenye mgongo wa shati uliolowa jasho. Angefanya nini? Angelia, angemwaibisha mbele ya majirani. Kwenye korongo Damas alisimama muda mrefu, anahema.

"Shusha, nakuomba!"

"Pagazi hushusha kambini," alijibu.

Na alifika. Alilitua jiwe katikati ya kiwanja walichopimiwa, akaliweka sawasawa, akalikalia. "Umeona?" alisema. Uso ulikuwa na rangi ya jivu. Marcelina alimdaka kabla hajaanguka, akamlaza mapajani, na hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia. Walimzika Jumamosi.

Siku ya nane Masolwa alitoka stesheni na bahasha ya Daktari Nasor. Marcelina alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo aliifungua mwenyewe, amekaa juu ya lile jiwe, akafuata herufi kwa kidole.

"Damu ya mzee imetulia. Vilivyopanda vimeshuka karibu vyote. Moyo unapona. Endeleeni hivyo hivyo, asibebe kitu."

Aliisoma mara mbili. Kisha akampa Masolwa, akamwomba aisome yeye, labda kuna neno amekosea. Masolwa aliisoma. Yalikuwa maneno yale yale.