Kope za Winchi

Ghalani moto ulikuwa marufuku, kwa hiyo saa ya chakula makuli walikula makopo baridi. Hayakuwa makopo ya kuuzwa. Yalikuwa yale yaliyovimba, ambayo kampuni ilitakiwa kuyateketeza. Meneja, mtu mwenye roho nzuri kupindukia pale asipopata hasara, aliona kuteketeza ni gharama. Akawagawia makuli, eti motisha. Makuli wenyewe waliyaita wajawazito na walikuwa na ufundi wao: unalitoboa kopo kwa msumari, linatoa pumzi fyuu, mnacheka kwamba limejifungua salama, mnakula. Waliamini hewa ikishatoka, ubaya nao umetoka. Nani angewaambia vingine? Meneja alikula hotelini.

Kuli mmoja, waliyemwita Winchi kwa ajili ya mabega yake, alikula maharage ya kopo kama hilo Jumatatu. Jumanne asubuhi mkewe alikuwa barazani akipiga pasi mashati ya watu, kazi iliyowalipia pango, akasikia anaitwa ndani. Winchi alilalamika kwamba anamwona mkewe wawili.

"Mmoja tu anakushinda," mke alimtania. Kisha akamtazama vizuri, utani ukamkauka mdomoni. Kope za mumewe zilikuwa zimeshuka, ulimi umekuwa mzito, na uji aliompa ulimtokea puani.

Hospitalini, nesi wa mapokezi alimtupia jicho mara moja akaamua ni pombe. Akaagiza aketishwe kwenye benchi hadi imtoke. Mke aliapa kwamba mumewe hajaonja tone, akaambiwa wake wote huapa hivyo. Wakakaa pale mpaka daktari mmoja, binti mdogo tu, alipopita, akasimama, akauliza swali ambalo hakuna aliyejisumbua kuliuliza: amekula nini?

"Hii ni botulizimu," daktari alisema alipojibiwa. "Sumu ya kwenye kopo. Inalegeza misuli kuanzia usoni, inashuka mpaka kifuani, mtu anashindwa kupumua. Akili haiguswi. Kiuasumu kipo, lakini kinaikamata sumu iliyo bado kwenye damu tu. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haing'oki. Kwa hiyo dada, tunashindana na muda."

Dawa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye friji ya stoo, nyuma ya kufuli, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa stoo. Na mkuu wa stoo alikuwa wapi? Kwenye semina ya utayari wakati wa dharura, simu kaizima. Daktari hakuweza kuwaacha wagonjwa wake, basi mke akaenda mbio mwenyewe.

Alimkuta kwenye foleni ya chakula, kitambulisho kikining'inia kifuani, anachagua paja la kuku. Bwana mkubwa alimsikiliza bila kuacha kuchagua. Akasema dawa ile ni adimu na haitolewi kwa maneno ya mtaani. Akaona bora awashe simu ampigie meneja wa ghala, na walivyocheka kwenye simu ungedhani wanapanga harusi. Meneja alisema kampuni haijawahi kumpa mtu kopo bovu, na huyo Winchi ni mlevi anayejulikana.

"Umesikia, mama," alisema mkuu wa stoo. "Kesho nitaliangalia suala lenu."

Mke alimpigia magoti palepale, kwenye zulia, mbele ya sahani yake. Wanasemina wakageuza nyuso, maskini, wasiharibiwe hamu ya kula. Mlinzi akamshika mkono akamtoa nje.

Asubuhi yake waliletwa makuli wengine wawili, kope zimeshuka vilevile. Walevi watatu wa ghala moja, wote hawanuki pombe! Hapo hata kichwa cha mkuu wa stoo kilifanya kazi, na friji ikafunguliwa. Wale wawili walichomwa sindano mapema, ugonjwa ukaishia usoni. Winchi alichomwa akiwa na bomba kooni, mashine inampumulia. Daktari alimwambia mke ukweli: huenda akapona, lakini ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo atasikia kila kitu bila kuweza hata kufumbua macho.

Jioni meneja alikuja, amebeba machungwa. Machungwa, kwa mtu asiyeweza kumeza mate! Alisimama miguuni pa kitanda, akashusha sauti kama yuko msibani.

"Shemeji, yamepangwa na Mungu haya. Watu wa afya watakuja kukuhoji. Wewe waambie alikula nyumbani. Na kunywa alikuwa anakunywa, tusidanganyane. Nafasi yake ya kazi nitamtunzia." Akamtazama mgonjwa. "Hata hivyo mwenyewe hasikii."

"Anasikia," mke alisema.

Alizunguka mpaka kwenye mto. Akaweka vidole viwili juu ya kope za mumewe, akazinyanyua taratibu, moja kisha ya pili. Macho yalikuwa mekundu, yamejaa machozi, na yalikuwa mazima kabisa. Yalimtazama meneja.

"Rudia sasa," alisema. "Mwambie yeye alikula wapi."

Meneja aliyatazama machungwa, akaitazama mashine, akasema ana kikao. Alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mke hakuziachia zile kope mpaka meneja alipotokomea.