Kuku wa Uvunguni

Mama Kadzo alikuwa akilala na kuku, na hakuona haya kusema. Uvunguni mwa kitanda chake cha kamba walijazana wote, majike na jogoo, wakigombania nafasi. Zamani kicheche aliwahi kuvunja banda lake akamaliza kizazi kizima, na tangu hapo mama akaapa kwamba kuku wake watalala pale anapozisikia pumzi zao.

Taabu ilikuwa pumzi zake mwenyewe. Kila alfajiri alikohoa mpaka nyumba ya pili ikaamka, na nyumba ya pili ilikuwa ya mkwe wake Kaingu, mume wa binti yake Jumwa. Daktari wa zahanati alikwisha kusema wazi kwamba kifua kile kinaharibiwa na vumbi la manyoya na mavi ya kuku. Kuku wasipohama, dawa ni kazi bure. Kaingu alimpenda sana mama huyu. Wajomba walipoikataa posa yake kwa kuwa hakuwa na mbele wala nyuma, ni yeye aliyesema, "Mwacheni, huyu anachekesha." Kikohozi kile kilimkata maini.

Basi akajenga banda. Kaingu alikuwa fundi wa kuezeka makuti kwenye mahoteli ya watalii wa Kizungu huko Diani, na mkono wake haukujua kitu cha hovyo. Akaliinua banda juu ya nguzo za mikoko, akalizungushia wavu wa waya, akatia fito za kuku kulalia na maranda ya mbao sakafuni, akaezeka makuti mazito yaliyokatwa pindo sawasawa. Hata baraza ndogo akaitia.

Mama Kadzo alilizunguka banda lile, mikono nyuma.

"Mkwe, hongera. Sasa niambie, humu watalala kuku au Wajerumani?"

"Kuku, mama."

"Na chai ya saa kumi nani atawapelekea?"

Jumwa alicheka mpaka akakaa chini.

Kuku nao walikuwa na dharau yao. Mchana walijipumzisha barazani kama wenye nyumba. Jua likizama walishuka, wakafuatana mmoja nyuma ya mwingine, wakarudi zao uvunguni. Mama Kadzo hakuwazuia. "Mimi simfungii mgeni mlango," alisema, kisha akakohoa.

Kaingu angeweza kuwakamata mmoja mmoja wakiwa usingizini, ila hapo ndipo palipomshinda. Kwao, mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe, hata nyumba ikishika moto ataita watu wengine. Akamtuma Jumwa. Jumwa, mwanamke wa kubeba gunia la mahindi kichwani, alidonolewa mara moja tu akatoka mbio, kandambili moja ikabaki ndani.

Kaingu akakaa uani akawatazama kuku wale jioni baada ya jioni, hadi akaelewa. Hawakupenda chumba, walipenda kitanda.

"Mama," alisema asubuhi moja, macho chini kwa adabu, "nakiomba kitanda chako."

"Heee! Majirani, njooni! Mkwe anataka kitanda changu!"

"Ni cha kuku, mama. Wewe nitakuchongea kingine."

"Na mimi hadi kiishe nilale wapi? Kwenye zile fito?"

Alipotosheka kumsumbua alishusha sauti. "Nisipowasikia wakipumua silali, mkwe. Nitakufa."

"Hawataguswa, mama. Nimetia wavu hata chini ya sakafu."

Kitanda kipya kilikuwa na uvungu ulioziba kwa mbao. Wanawake ndio waliokiingiza na kukitoa kile cha zamani, maana Kaingu hakuruhusiwa hata kukigusa. Yeye alisimama mbali akielekeza kwa kidole. Jioni kuku walikwenda mpaka chumbani, wakakuta uvungu hakuna, wakatoka wakilalamika. Wakazunguka uani, kisha wakakiona kitanda chao bandani. Wakaingia. Jumwa akafunga komeo.

Alfajiri Kaingu aliamka akasubiri kikohozi. Hakikuja. Jogoo akawika bandani, adhana ikasikika kwa mbali, na nyumba ya Mama Kadzo kimya. *Nitakufa*, alikuwa amesema. Kaingu akatoka mbio bila shati. Jumwa alikwisha kwenda kuteka maji, na uani hapakuwa na mtu wa kumtuma.

"Hodi! Mama! Hodi!"

Hakuna aliyeitika. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akafika mbele ya pazia la chumba, na hapo miguu ikagoma. Alimfikiria baba yake na babu yake, akawaomba radhi, akalifunua pazia akaingia.

Mama Kadzo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka bila mkwaruzo wowote. Alikuwa amelala usingizi tu, ule aliokuwa akiudai miaka yote. Kaingu akapiga magoti palepale, machozi yakamtoka kwa furaha.

Jicho moja likafunguka.

"Mkwe."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko chumbani kwangu."

"Niko, mama."

"Na huna shati."

"Sina, mama."

"Hili lina faini. Wazee watataka mbuzi. Mimi nataka unifagilie lile banda kila Ijumaa, na utie majivu wasiingie utitiri, mpaka siku nitakayokufa."

Akaivuta kanga mpaka masikioni, akamgeuzia mgongo.

"Na sasa sina haraka."