Minza Aukalia Mkoba wa Serikali

Vidonge vya Kabula vilikuwa vimebaki vya miezi minne, na mradi uliokuwa ukivitoa bure ulishafungwa. Ndiyo maana Minza, dada yake, alikaa mbele kabisa katika ofisi ya kijiji, Kwihara, akimsikiliza Nassibu, mwanasheria wa serikali kutoka Dar es Salaam.

Nassibu alieleza vizuri. Dawa ile ya saratani ya damu ina hataza. Kampuni ya ng'ambo peke yake ndiyo inayoitengeneza na kuipangia bei. Lakini sheria inairuhusu serikali kutoa leseni ya lazima, kiwanda cha hapa nchini kiitengeneze hata kampuni ikikataa, mradi ilipwe haki yake.

"Basi toeni," Minza alisema.

"Mambo haya yanakwenda polepole, dada yangu. Nitaripoti kwamba wananchi wamesikia na wameshukuru."

Wameshukuru! Hasira zikampanda Minza.

"Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

Watu wakaangua kicheko. Tangu babu zao walipokuwa wakipita Uzaramo na pembe za ndovu mabegani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani: mmoja huchukua kitu cha mwenzake, na mwenyewe hukikomboa bila kununa. Minza akaunyakua mkoba wa Nassibu, akaukalia.

"Mtani, njaa imewazidi huku? Shika elfu kumi, nipe mkoba wangu."

"Kanunulie sanda yako, maana leo huondoki! Ripoti utaiandika hapa hapa. Andika tunataka leseni."

"Kampuni itatupeleka mahakamani."

"Itupeleke! Nami nitampeleka Kabula, wamwambie yeye usoni kwamba asubiri."

Kicheko kikakatika. Nassibu akamtazama Kabula, aliyeegemea ukuta, amejifunika kitenge katika joto lote lile. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika kwamba wananchi wa Kwihara wanaiomba serikali. Minza akasoma, akamrudishia karatasi.

"Hatuombi. Futa."

Akafuta. Akaandika kwamba wanadai leseni hiyo itolewe mwaka huu, akainakili kwenye karatasi ya pili, akatia saini zote mbili. Mwenyekiti wa kijiji akagonga mihuri kwenye nakala mbili. Minza akainuka, akampa mtani mkoba na nakala yake; ya pili akaichomeka kifuani.

"Isipofika kwa waziri, nakufuata Dar es Salaam," alisema. "Safari hiyo nitachukua suruali."